Kwa nini paka wangu anaitwa Kibopa

Jina la kwenye cheti hurithiwa. Mjukuu hupewa la babu yake, likaendelea. Lakini lile alilopachikwa na wenzake ujanani, wakamwita nalo hadi uzeeni, huzikwa naye. Mimi nimeamua la kwetu moja lisipotee, nikampa paka.

Kaka yake babu aliitwa Kibopa. Mali hakuwa nayo. Alipachikwa jina hilo kwa mwendo wake: taratibu, kifua mbele, mikono nyuma, kama mtu anayekagua majengo yake. Sasa huyu paka, dume la rangi ya majivu, siku alipoletwa hakukimbilia uvunguni. Alizunguka chumba kizima mkia wima, akanusa miguu ya viti mmoja mmoja, kisha akapanda kiti kikubwa na kujikalia. Baba ndiye aliyesema, "Huyu si Kibopa kabisa huyu!"

Hata hivyo sikukurupuka. Jina la marehemu kupewa mnyama linaweza kumchoma aliyebaki, na aliyebaki ni binti yake, shangazi yangu. Nikampigia simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Anapendwa huyo paka?" Nikamwambia anapendwa mno. "Basi mwite, mwanangu. Na mimi nilisikie tena likiitwa."

Tena majina haya yanaitika vizuri. Yalizaliwa kwa kuitwa kwa sauti, mtu akiwa mbali. Mwaka 2019 watafiti wa Japani wakiongozwa na Atsuko Saito walionyesha kwamba paka hulitofautisha jina lake na maneno mengine ya urefu uleule, hata likitamkwa na mtu asiyemjua. Dalili yenyewe ni ndogo: sikio kucheza, kichwa kugeuka. Shangazi alipokuja akaita kutoka mlangoni, sikio la Kibopa likageuka kabla yeye hajavua viatu. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi.

Ukitaka kumpa mbwa lakabu ya namna hii, angalia tu isifanane na amri kama "kaa" au "njoo".

Kuna lakabu nisizozigusa. Nyingi za zamani zilitokana na kilema cha mtu, na hizo ziachwe hata zikiwa tamu mdomoni. Zile za mapenzi zipo tele, waulizeni wazee wenu. Shangazi ameshaniwekea ya mama yake, Kidosho, kwa sharti kwamba huyo paka wa pili awe jike, na awe mrembo kweli.