Nilivyosasisha mwongozo wa Python kwa watumiaji wa Windows

Mwongozo wetu wa Kiswahili wa kuanza Python, lugha ya kuandikia programu, ulikuwa umepitwa na wakati. Ulimwambia msomaji afungue dirisha la amri, aandike python, basi. Lakini tangu 2019, kwenye Windows 10 isiyo na Python, neno hilo hukufungulia Microsoft Store. Mgeni anabaki akijiuliza duka limetoka wapi.

Kabla ya kugusa sentensi yoyote nilitafuta kompyuta safi, maana kwenye yangu kila amri inakubali. Wengi hufungua akaunti mpya ya mtumiaji wakaona inatosha. Haitoshi. Python yenyewe huingia kwenye folda ya mtumiaji, ndani ya AppData, lakini kizinduzi chake, py, kwa kawaida huwekwa C:\Windows, na akaunti zote hukiona. Basi nikaweka Windows ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, nikahifadhi hali yake ikiwa tupu, na kila jaribio likaanzia hapo.

Nikafuata mwongozo neno kwa neno, bila kujazia ninachokijua. Hapo ndipo kasoro zilipojitokeza. Kisanduku cha "Add python.exe to PATH" kiko chini ya dirisha la kwanza la kisakinishi, hakina tiki (PATH ni orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri). Mwongozo ulikitaja baada ya kusema "bofya Install Now", yaani mtu keshabofya na dirisha limepita! Nilikipandisha juu ya hatua hiyo, na naamini badiliko hilo moja limesaidia kuliko mengine yote.

PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, ilinisumbua zaidi. Ukitaka kuwasha mazingira ya venv, yaani folda inayotenga vifurushi vya mradi mmoja, mara nyingi inakataa kwa sababu hairuhusu skripti. Nyaraka rasmi zinaeleza jinsi ya kulegeza kizuizi hicho kwa Set-ExecutionPolicy. Mimi sikuona haki kumtaka mtu abadili mpangilio wa usalama kabla hajaandika hata mstari mmoja wa programu, kwa hiyo nimetanguliza cmd, dirisha la amri la kawaida, na .venv\Scripts\activate.bat, kisha PowerShell kwa anayeihitaji.

Kuhusu Windows 7 nilikuwa mkali. Toleo la mwisho la Python linalofanya kazi humo ni 3.8, na matengenezo yake yalikoma 2024. Nimeandika hivyo waziwazi, nikaondoa kiungo cha kulipakua.

Rasimu nilimpa binamu yangu, mhasibu, nikakaa kimya pembeni. Akaandika pip install, amri ya kuongeza vifurushi inayoandikwa kwenye dirisha la amri, mbele ya alama >>> ya ndani ya Python, akapata SyntaxError, yaani kosa la uandishi. Sasa kila amri kwenye mwongozo inaonyesha inaandikwa wapi: dirisha la amri au ndani ya Python.

Kilichobaki ni kisimamizi kipya cha usakinishaji kilichokuja na Python 3.14, ambacho amri yake ni py install. Nimekifungulia ukurasa wake peke yake.