Prosesa ya seva ya diski za nje ilivyotulia

Seva yetu ndogo ya Linux hupokea flashi na diski za nje kila jioni kwa ajili ya nakala rudufu. Ghafla prosesa ikaanza kukaa juu ya asilimia 90, hata usiku wa manane wakati hakuna anayenakili chochote.

Amri ya top, inayoonyesha programu zinazotumia prosesa, ilionyesha wala-nguvu wawili: systemd-udevd (programu ya udev, inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa) na udisksd (programu ya huduma ya udisks2, inayosimamia diski). Nilianza kwa kuwasha upya udisks2. Ikatulia dakika chache, ikarudi palepale. Hapo nilikosea, nilikuwa napoza dalili tu.

Udev hupokea taarifa kutoka kwenye kernel (kiini cha mfumo) kila kifaa kinapochomekwa au kuchomolewa, kisha huzipitisha kwenye kanuni zake. Kwa hiyo swali la kweli lilikuwa: nani anamsumbua? Nikaendesha udevadm monitor, amri inayoonyesha taarifa hizo zinapofika. Mistari ikamiminika bila kukoma, add (kifaa kimeongezwa) na remove (kimeondolewa), zote za diski moja, na hakuna mkono uliogusa kitu! Dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kernel, ikathibitisha: "USB disconnect", kisha kifaa kipya, kisha kukatika tena.

Diski ile ilikuwa kwenye habu (kigawanyi cha milango ya USB) isiyo na umeme wake yenyewe, pamoja na nyingine tatu. Umeme haukuzitosha. Nilifunga kazi zote, nikaihamishia diski hiyo kwenye habu yenye adapta ya umeme na kubadilisha kebo. Mistari ikakatika papo hapo, prosesa ikashuka chini ya asilimia 5.

Kabla ya kuirudisha kazini nilikagua mfumo wa faili kwa fsck, diski ikiwa haijapandishwa (mount), yaani faili zake hazijafunguliwa kwa matumizi.