Kebo za teligeti: jaribio la nne limeshika!

Imeshika jamani. Leo jioni nimefungua teligeti ya pikapu, ule mlango wa nyuma unaoning'inia kwa kebo mbili nilizotengeneza mwenyewe, nkaweka mifuko miwili ya saruji, kisha nkapanda na mimi juu na kilo zangu 84, nkarukaruka wee haikusogea. Jirani ananichungulia dirishani, najua anasema huyu keshapagawa.

Zile kebo zilizokuja na gari zilikuwa na ganda jeusi la plastiki, nje zinang'aa, kumbe maji ya chumvi yanaingia kule mwishoni hayatoki tena, yanakula chuma pole pole na wewe huoni kitu. Ya kushoto ikakatika sokoni Kongowea nikishusha nazi, mlango ukaning'inia upande mmoja na ukajipinda kidogo. Bei nlotajiwa ya kebo mpya tusiiongelee, nkaamua kutengeneza mwenyewe.

Sasa, waya yenyewe si tatizo, tatizo ni kitanzi cha mwishoni mwa kebo. Jaribio la kwanza (waya ya klachi ya pikipiki) hata silihesabu, ngumu ile, haikunjiki. La pili nlinunua waya ya stenlesi (chuma kisichoshika kutu haraka) ya milimita 4, ile laini ya nyuzi nyingi, nkabana kitanzi na slivu za alumini (vijibomba vya kubania waya) kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Ukiitazama safi kabisa. Nkakalia teligeti, ikachomoka kama kamba ya kiatu! Nkabana tena, nkagonga mpaka mkono ukafa ganzi, ikachomoka tena. Wiki nzima nailaumu nyundo, mara slivu feki, mpaka siku moja nakata waya kwa grinda nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Waya ina ganda! Jembamba, halina rangi, na mimi siku zote nabana juu ya plastiki, sasa itashika nini? Nlicheka, halafu nkakasirika sana.

Jaribio la tatu nkachuna ganda nkafunga klampu za nati (upinde wa chuma unaokazwa kwa nati juu ya tandiko) badala ya slivu. Nkampelekea mzee mmoja wa maboti Mtwapa, akaishika, akaigeuza, akasema "mwanangu, hizi umezifunga nyuma mbele." Lile tandiko la klampu linakaa kwenye waya ndefu inayobeba mzigo, ule upinde wa duara ndio unakaa juu ya mkia mfupi, ukigeuza upinde unaiponda waya inayobeba. Akaniuliza pia ni nani alonambia nichanganye stenlesi na alumini hapa pwani, hewa ya chumvi itaila alumini yote. Shaba, akasema. Nkazifunga sawa zikashika, ila nati zilikwaruza bodi kila nikifunga mlango, nkazitoa.

Kwa hiyo la nne ni slivu za shaba, mbili kila kitanzi, ndani kile kichuma cha umbo la tone ili waya isijivunje kwenye kona, na nimebana kwa koleo la mikono mirefu la kuazima. Nyundo kwa kazi hii tupa kule, inalalia upande mmoja tu. Na kukata, zungusha tepu kwanza ndo upitishe grinda, ukitumia mkasi wa bolti nyuzi zinafumuka kama ufagio.

Urefu ndo ulinipa kichwa kidogo maana slivu ikibanwa inajivuta, kebo moja inazidi nyenzake na mlango unakaa mshazari. Nkapigilia misumari miwili kwenye ubao, kitanzi cha kwanza nkabana mezani, cha pili nkabana kikiwa kimevikwa msumarini. Zote mbili sawasawa.

Mpango ulikuwa kesho nisugue kutu kwenye bawaba nipake rangi. Lakini teligeti inayobeba mtu mzima si meza hiyo? Ubao wa kuparia samaki juu yake, na kitobo cha kumwagia maji. Nshapima, rangi itangoja.