Sukuma sirinji kwanza, fomula itakuja

Ninapofundisha uhusiano wa shinikizo, ujazo na msongamano wa hewa, chaki huwa siigusi kwanza. Kila mwanafunzi hupewa sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano. Avute mpini mpaka mwisho, azibe tundu kwa kidole, kisha asukume.

Wengi hufika mililita 10. Hapo ujazo umebaki nusu, na shinikizo ndani ni mara mbili ya lile la chumbani. Pistoni yake ina eneo la sentimita 3 za mraba hivi, kwa hiyo kidole gumba kinasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3. Kufika mililita 5 kunadai kama kilo 9. Nyuso hukunjamana, hewa huanza kuchoropoka pembeni mwa kidole, na hakuna tena anayeniambia kwamba sirinji ilikuwa tupu.

Ndipo nauliza: je, hewa imepungua? La. Zilikuwa miligramu 24 hivi, na bado ni 24. Kilichobadilika ni msongamano: kutoka miligramu 1.2 kwa kila mililita hadi 2.4. Molekuli zile zile, zikibanwa katika nusu ya nafasi, hugonga kila sehemu ya ukuta maradufu kwa sekunde. Mgongano huo ndio shinikizo lenyewe. Vitabu vinavyotaja shinikizo na ujazo, kisha vikauweka msongamano sura nyingine kabisa, humnyima msomaji sababu na kumwachia kanuni ya kukariri.

Mwanasayansi Robert Boyle aliichapisha kanuni hiyo, kwamba ujazo ukibaki nusu shinikizo huwa maradufu, mwaka 1662, baada ya kumimina zebaki katika mrija wa kioo uliopinda kama herufi J na kupima jinsi hewa iliyonaswa upande mfupi ilivyosinyaa.

Ninayemfikiria zaidi, hata hivyo, ni mzamiaji mwenye mtungi. Kila mita 10 za maji huongeza takriban shinikizo moja la angahewa, juu ya lile moja lililopo tayari usoni mwa maji. Akiwa mita 30, anavuta hewa yenye msongamano mara nne ya ile ya juu, na ndiyo maana kupumua huko huwa kuzito na mtungi huisha haraka. Hatari kubwa lakini iko karibu na juu. Kupanda kutoka mita 30 hadi 20, shinikizo hushuka kutoka nne hadi tatu, na hewa hutanuka kwa theluthi moja. Kutoka mita 10 hadi juu, hutanuka maradufu. Aliyejaza mapafu kule mita 10 kisha akabana pumzi akipanda anaweza kuyapasua, katika kina ambacho wengi hukiona cha mchezo. Namsihi kila anayejifunza kuzamia: usibane pumzi kamwe ukiwa unapumua kwa mtungi.

Yote haya yanashika pale halijoto isipobadilika. Bana hewa ghafla na itapata moto. Anayejaza upepo kwenye tairi la baiskeli huusikia mkononi. Angani nako hesabu huyumba. Mita 5,500 juu ya usawa wa bahari shinikizo ni karibu nusu, ila msongamano ni kama asilimia 57, kwa kuwa katika baridi ile molekuli huenda polepole, na zinahitajika nyingi zaidi ili zitoe shinikizo hilo.