Ukoka wa Dodoma ukikauka haujafa: ufufue kabla ya kununua mwingine

Ikifika Septemba, ua wa nyumba nyingi za Ilazo, Kisasa au Nzuguni hufanana na uwanja wa mpira wa shule: vumbi jekundu katikati, viraka vya majani ya kijivu pembeni, na mbigili zikisubiri kandambili. Mwenye nyumba hutazama, hukata tamaa, kisha humpigia simu muuza majani amletee ukoka mpya wa kubandika. Mara nyingi hiyo ni hasara tupu. Ukoka, huo huo unaouzwa kwa jina la Bermuda, hauna ugeni na ukame. Juu unaweza kuonekana umekwisha, kumbe chini ya vumbi mashina yake yamelala yakisubiri maji. Kilichoharibika zaidi ni udongo, na ukibandika majani mapya juu ya udongo ule ule, Septemba ijayo utakuwa pale pale, ila mfukoni umepungukiwa.

Anza kwa kupima kama upo hai. Chimbua kipande chenye ukubwa wa kiganja, kina cha sentimita 10, kisha tafuta mashina yanayotambaa ndani ya udongo. Yavunje. Yakiwa meupe na yana unyevu kidogo ndani, yapo hai. Yakiwa ya kahawia na yanakatika kama kijiti cha ufagio, hapo pamekufa. Rudia sehemu tano au sita za ua, kwa sababu mara nyingi upande mmoja umekufa na mwingine upo salama. Kama bado una shaka, pima mraba wa mita moja kwa mita moja, uumwagie ndoo ya lita 20 kila siku ya tatu kwa muda wa wiki mbili. Vishada vinne au vitano vya kijani vilivyotawanyika vinatosha kukuambia usinunue kitu. Jaribio hili lisifanyike Juni wala Julai, kwani baridi ya usiku ya Dodoma hufanya ukoka usite kuchipua hata ukiwa na maji.

Kuna sehemu moja ambayo haitafufuka hata ufanyeje: chini ya mwarobaini. Ukoka unataka jua kali kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Kwenye kivuli hurefuka, hunyong'onyea, halafu hupotea. Ama punguza matawi ya chini, ama weka kokoto na benchi hapo, uendelee na maisha.

Kuhusu wakati, mvua za Dodoma ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na kwa mwaka wa kawaida hazifiki hata milimita 600. Kwa hiyo kazi nzito zote, yaani kufyeka, kukwangua na kutoboa, zikamilike kati ya katikati ya Novemba na mvua za kwanza. Ukianza Mei utapambana na kiangazi kizima kwa maji ya kulipia.

Fyeka kwanza. Shusha majani makavu mpaka yabaki kama sentimita 2. Usiogope kuona udongo, maana kwa ukoka uliolala hakuna kijani cha kupoteza. Fyekeo lililonolewa vizuri linafaa, na mashine ya kukatia ni bora zaidi kwa sababu inakata usawa mmoja. Kisha pitisha reki ya chuma kwa nguvu, mara moja kwenda na mara moja kukatisha, utoe lile godoro la majani yaliyooza nusu. Likiwa limezidi sentimita moja na nusu, maji ya kunyunyizia huishia humo humo na mizizi haioni kitu. Usilichome moto hapo hapo. Upepo wa miezi hii hauna adabu, na uzio wa jirani ni mkavu kama wako.

Sasa twende kwenye udongo, ambako ndiko wengi hukosea.

Viwanja vingi vya mitaa mipya vimeshindiliwa na malori ya kokoto na mchanga wakati wa ujenzi. Juu ya hapo fundi amemwaga mabaki ya zege, na ule udongo uliotoka kwenye shimo la choo umesambazwa uani ili usilipiwe lori la kuuondoa. Udongo wa kina kile hauna rutuba na ukikauka unakuwa kama tofali. Kupima, mwagia maji mengi jioni, kesho yake sukuma bisibisi ndefu kwa mkono. Ikizama sentimita 10 hadi 15 bila kulazimisha, udongo ni mzuri. Ikigoma kwenye sentimita 4, mizizi nayo inagomea hapo hapo, ndiyo maana majani yako hukauka wiki moja tu baada ya maji kukatika. Ikigonga na kulia, chimbua: utakuta bamba la saruji, na hapo ni sururu tu.

Dawa ya udongo ulioshindiliwa ni kuutoboa. Uma wa bustani wa meno manne ndio wa haraka: ukanyage uzame, uutikise nyuma kidogo, uutoe, songa sentimita 15. Usipoupata, fundi wa kuchomelea atakutengenezea nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha, yenye mshikio wa herufi T. Matundu yawe na kina cha sentimita 10, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kati ya moja na lingine. Hesabu yake inatisha, kwani mita moja ya mraba inakula matundu kama 45 hadi 100. Gawa ua, mita 20 za mraba kwa siku. Udongo uwe na unyevu wa wastani. Ukiwa mkavu hutatoboa, na ukiwa tope nondo inapaka kuta za tundu zikawa laini kama chungu, maji yasipenye. Nondo ina udhaifu mmoja: haitoi udongo, inausukuma pembeni tu. Kwa hiyo matundu yajazwe siku hiyo hiyo, vinginevyo mvua moja inayafunga.

Cha kujazia hakina shida Dodoma, mji uliozungukwa na wafugaji. Chukua samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mitatu au zaidi, isiyonuka wala kuwa na joto ukiingiza mkono ndani. Ichekeche kwenye wavu wa mchanga. Kwa udongo mzito changanya ndoo mbili za mchanga wa mto kwa ndoo moja ya samadi. Kwa udongo wa kichanga geuza uwiano huo. Mwaga, kisha sukuma kwa ufagio wa chelewa mpaka matundu yajae na juu ibaki tabaka la nusu sentimita, ncha za ukoka zikionekana. Ua wa mita 100 za mraba utahitaji kama nusu mita ya ujazo, yaani toroli nane hivi. Samadi mbichi inaleta matatizo matatu kwa pamoja: inaunguza, inaita mchwa, na inakuja na mbegu za kila jani ambalo ng'ombe alikula porini.

Mvua zikishika na ua ukawa kijani nusu yake, kama wiki tatu hivi, ndipo weka mbolea ya dukani. Mizizi iliyolala haina kazi nayo. Urea kilo 1 kwa mita 100 za mraba inatosha. Ukitumia CAN iwe kilo 1.8. Changanya na mchanga mkavu, gawa mafungu mawili, moja ulitawanye ukitembea kwa urefu wa ua, la pili kwa upana. Majani yawe makavu wakati wa kurusha, halafu mwagilia papo hapo mpaka punje ziyeyuke na kuingia chini. Urea iliyoachwa juu ya udongo wa moto hupotea hewani, na iliyogandia kwenye jani lenye umande huacha madoa ya kahawia. Rudia kila baada ya wiki tano au sita, ya mwisho katikati ya Machi. Kuongeza dozi ili jirani aone wivu kunazaa majani marefu na mizizi mifupi, na kiangazi hakina huruma na mizizi mifupi.

Maji nayo yana hesabu yake. Ukoka unaokua unataka kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, mvua ikiwemo. Ua wa mita 100 ni lita 2,500, yaani uniti mbili na nusu kwa wiki, karibu uniti kumi kwa mwezi. Zigawe mara mbili kwa wiki, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Wanaonyunyiza kidogo kila jioni wanaufundisha ukoka kuweka mizizi juu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haifiki kwenye mzizi. Kujua kiasi, tega makopo matupu manne uani na upime kwa rula: milimita moja kwenye kopo ni lita moja kwa mita ya mraba.

Wenye visima wanajua maji ya baadhi ya maeneo yana chumvi. Ukoka unaivumilia kuliko majani mengi ya bustani, ila ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, acha kunyunyiza kidogo kidogo. Mwagia mengi kwa mkupuo, chumvi ishuke chini ya mizizi, na mvua kubwa zitamalizia kazi.

Magugu yatakuja pamoja na ukoka, maana nayo yanapenda mvua. Mbigili ing'olewe kabla haijatoa miiba: itafute katikati inapoanzia, shika mzizi wake mmoja mkuu, uvute udongo ukiwa na maji. Ikishakomaa, miiba ndiyo mbegu, na hukaa ardhini miaka. Blanketi kuukuu likiburutwa juu ya ua huokota miiba mingi kuliko mkono. Ndago ni habari nyingine. Ukiipiga jembe unakata uzi unaounganisha vinundu vyake, na kila kinundu kinaota peke yake. Chimbua kwa kisu kirefu na utoe vinundu vyenyewe, kila wiki, bila kuchoka.

Viuagugu vina masharti. Glaifoseti inaua ukoka wenyewe, hivyo itumike kwenye njia na kingo tu. Ile ya 2,4-D inaua magugu ya majani mapana na kuuacha ukoka, lakini hapa Dodoma kuna mizabibu, na mzabibu hunyauka na kukunja majani kwa mvuke kidogo tu wa dawa hiyo uliopeperushwa. Nyanya vivyo hivyo. Kama jirani ana zabibu, tumia mikono.

Ukoka ukigeuka kahawia katikati ya mvua, usikimbilie kumwagilia. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji kwenye lita nne za maji, umwage kwenye mita moja ya mraba penye mpaka wa kijani na kahawia. Viwavijeshi wakiwepo watapanda juu ndani ya dakika kumi. Wanakula majani lakini hawagusi mashina ya chini, kwa hiyo ukiwadhibiti mapema ua hurudi. Mchwa huja kiangazi na huacha dalili yao, vijia vya udongo juu ya majani makavu. Chakula chao ni takataka ulizofyeka ukaziacha.

Mapengo yaliyobaki Januari yazibe kwa ukoka wako mwenyewe. Kata mashina yenye vifundo vitatu kutoka sehemu iliyoshiba, chimba mifereji ya kina cha sentimita 4, panda kila sentimita 15 huku ncha ikibaki nje, kanyaga kwa mguu. Wiki mbili za kwanza nyunyiza asubuhi na jioni. Hapa ndipo pekee panaporuhusu maji kidogo kidogo, na mvua za Dodoma huweza kukatika siku kumi mfululizo katikati ya msimu. Mbegu za dukani ni sawa kama ua wako ni ukoka wa kawaida. Kama una ule wa majani membamba laini wa jamii ya Tifway, usichanganye: ni chotara usiozaa mbegu, na utakachopanda kitaota kikiwa na rangi na upana tofauti, kiraka juu ya kanzu.

Ukoka ukishafunga, kata kila wiki ukibakiza sentimita 3 hadi 4, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukisafiri ukakuta umefika sentimita 10, shusha kwa awamu, siku nne kati ya mkato na mkato.

Mwishoni mwa Aprili acha majani yafike sentimita 5, yaufunike udongo. Kisha amua. Kuweka mita 100 kijani mpaka Novemba, na mgao wa maji ukiwepo, ni gharama isiyo na sababu. Chagua mita 30 za karibu na baraza, hizo zipate lita 25 zake kila wiki. Zilizobaki zipe lita 10 kwa mita ya mraba kila baada ya wiki mbili au tatu, na uwakataze wageni kuegesha gari juu yake.