Pakakali wa Bonde la Songwe

Juni 2017 nilikuwa likizo kwa babu, Mbalizi, kipindi cha ile baridi ya Mbeya inayowafanya watu wote wahamie jikoni. Mwalimu wa baiolojia alitusimulia habari za Pakakali kabla hatujafunga shule, na sikuweza kukaa nazo peke yangu.

"Babu, hapa Bonde la Songwe wamepata vipande vya taya vya mnyama wa miaka milioni 25 iliyopita. Wamemwita Pakakali."

"Chui?"

Si chui, na jina lisikudanganye, si paka pia. Umbo lake lilimzidi paka wa nyumbani, lakini chui hakumfikia. Alikuwa wa kundi la hayenodonti, wawindaji wa Afrika tangu enzi ambazo bara letu lilikuwa limetengwa na bahari, kabla mababu wa simba na fisi hawajaingia.

Babu hakubali maneno matupu. Alimwita mbwa, akamshika taya, akapandisha mdomo kwa dole gumba. "Nionyeshe." Nikamulika kwa simu. Pale nyuma jino kubwa la juu lilipita ubavuni mwa lile la chini kama mkasi.

"Mbwa ana jozi moja hiyo kila upande, babu. Pakakali alikuwa nazo tatu."

Akatazama magego ya nyuma zaidi, bapa, ya kusagia. Ndiyo yanayomwezesha mbwa wetu kumaliza ukoko wa ugali. Pakakali hakuwa na nafasi hiyo. Karibu kinywa chote kilikuwa cha kukatia nyama. Matthew Borths na Nancy Stevens, watafiti wa visukuku waliomtangaza mwaka huo, wanadhani utaalamu huo huenda uliuponza ukoo wake pale ardhi ilipopasuka kuwa Bonde la Ufa, mazingira yakabadilika, na wageni wasiochagua sana chakula wakafika.

"Hiyo milioni 25 wameipataje?"

"Kwa majivu ya volkano yaliyolala kati ya matabaka ya mawe."

Hapo alitulia. Alikulia Tukuyu, akalima udongo wa majivu ya Rungwe. Majivu hayahitaji kuelezwa kwake.

"Na watu?"

"Bado sana. Ila miamba hiyo hiyo ilitoa Rukwapithecus, wa ukoo wa sokwe."

Jumapili, baada ya ibada, aliniita mbele ya wazee wenzake. "Mjukuu wangu, hebu waambie habari ya yale meno."