Nilivyojifunza kusikia msisitizo katika Kiarabu cha Cairo

Kiarabu fasaha nilichosoma madrasa kilinifundisha kuuliza swali la ndiyo au hapana kwa kutanguliza «hal». Katika mazungumzo ya Cairo sentensi «Ahmad sāfir imbāriḥ», yaani Ahmad alisafiri jana, huwa taarifa sauti ikishuka mwishoni na huwa swali ikipanda. Hilo halikunisumbua, kwa kuwa nasi huuliza hivyo hivyo bila kuhitaji «je». Kazi ilikuwa kutambua ni neno lipi msemaji analisisitiza, na ni lipi analolichukua kuwa limekwisha kujulikana.

Kwa Kiswahili, nikitaka ieleweke kuwa ni yeye na si Ali, nitasema Ahmad ndiye aliyesafiri. Wamisri wana muundo unaokaribiana na huo, «Ahmad huwwa illi sāfir», lakini wanaweza pia kuiacha sentensi ilivyo, kiimbo kikabeba msisitizo wote.

Nilimwomba mwenzangu wa chumbani, mzaliwa wa Cairo, ayajibu maswali tofauti kwa sentensi hiyo hiyo: nani alisafiri jana, Ahmad alisafiri lini, kuna habari gani. Nilirekodi majibu kwa simu na kuyafungua katika Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo huchora mstari wa kidatu, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Alipojibu swali la nani, kidatu kilipaa kwenye silabi ya kwanza ya «Ahmad», na maneno yaliyofuata yakabanwa chini. Hata hivyo «sāfir» na «imbāriḥ» yalibaki kila moja na kilima chake kidogo. Ni jambo la kupendeza mno, maana Kiingereza, kwa mfano, hulififisha neno lililokwisha kutajwa. Mtafiti Sam Hellmuth, katika tasnifu yake ya mwaka 2006 huko SOAS, chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha London, alionyesha kwamba katika lahaja hii karibu kila neno lenye maana kamili hubeba kilele chake, liwe habari mpya au ya zamani.

Tangu hapo nilisikiliza ukubwa wa vilele badala ya kutafuta neno pekee lenye kilele. Nilizirudia rekodi kwa sauti yangu na kuulinganisha mstari wangu na wake, nikiangalia hasa maneno kama «kitāb», ambayo mkazo wake huwa mwishoni, mahali ambapo ulimi wa Mswahili haukuzoea kuuweka.

Baadaye nilijipima kwa sentensi yenye makosa mawili, la mtu na la siku. Nilipokipandisha kidatu kwenye «imbāriḥ», mwenzangu alinisahihisha siku kwanza. Nilipokipandisha kwenye jina, alianza na jina.